Maswali yenu kuhusu kutembea Lushoto na vijiji vya Usambara

Tangu tuongelee matembezi ya Usambara Magharibi maswali yamekuwa mengi kweli. Nimechukua machache, mengine ni yale yale ya kila siku, na hayo nitayajibu kwa kifupi.

Lushoto mjini mpaka jabali la Irente ni kilometa ngapi, na mtu mwenye mazoezi anatumia dakika ngapi?

Kama sita hivi kwenda. Dakika sikwambii, na hili swali naomba liishe. Ile njia inakatiza kwa watu, unapita nyuma ya majiko yao, migombani kwao, watoto wanatoka shule, bibi yuko kibarazani anachambua maharage, sasa wewe unapita unahema na saa mkononi, huna muda wa kusimama useme shikamoo. Watu wanakuona, na wanakumbuka. Tenga asubuhi nzima. Ukifika kwenye jabali, mji wa Mazinde uko chini kabisa na nyika ya Wamasai inaendelea mpaka macho yanachoka. Watoto washike mikono, na selfi za ukingoni acha kabisa. Ukirudi pitia shamba la Irente, wanauza mkate, jamu na jibini, kaa ule taratibu.

Mimi natumia ramani ya simu vizuri tu, guide wa nini?

Msitu wa Magamba ni hifadhi, unaanzia ofisini, unalipia, unapewa utaratibu. Malipo ya serikali siku hizi ni kwa kontrol namba, kwa hiyo mtu akikuomba hela mkononi njiani huko bila risiti, usimpe.

Lakini najua unaulizia vijijini. Niliwahi kuongozana na vijana wanne, mmoja yuko mbele na simu yake, akaona kwenye ramani kuna kinjia kinashuka mtoni akasema tukate hapa. Tumeshuka hatua kama ishirini, mama mmoja akatuita kutoka juu. Hakupiga kelele, aliita tu "wanangu, wanangu". Tulikuwa tumesimama juu ya tuta la maharage, yameota majani mawili mawili, na nyuma yetu kulikuwa na nyayo za watu watano mpaka juu. Niliona aibu ambayo sijaisahau mpaka leo. Tuliomba radhi, akatukubalia, akatuonyesha njia yenyewe, ilikuwa pale pale pembeni inazunguka mgomba.

Matuta ya huku msiyaone ni mapambo ya mlima. Miaka ya 1940 na 1950 mkoloni aliwalazimisha Wasambaa kulima kwa matuta, alianzia bonde la Mlalo, watu wakakataa kwa sababu kazi ilikuwa nzito na kwa amri, na 1957 mpango ukaachwa. Yale unayoyaona sasa mtu kayachimba kwa jembe lake kwa sababu udongo ukishuka bondeni haurudi. Ukikanyaga ukingo, mvua ikija inaanzia hapo hapo. Kijana wa kijiji anajua njia ipi ya wote na ipi ya shamba la mtu, anajua Kisambaa, anajua nyumba ipi kuna msiba leo msipite mnacheka. Ndiyo maana nasema chukueni guide, kubalianeni bei kabla ya kuondoka na msimkamue mpaka shilingi ya mwisho.

Na mkikutana na mtu kabeba kuni au kabichi kichwani kwenye njia nyembamba, wewe ndiye unayepisha. Egemea upande wa mlimani, usikae wa bondeni.

Viatu gani?

Raba yenye meno, iliyokwisha kuzoea mguu. Kandambili hapana, viatu vipya vya dukani jana hapana.

Mwezi gani mzuri?

Kuanzia Juni mpaka Septemba hivi kunakuwa na ukavu lakini baridi ya Julai ni baridi kweli, sweta moja halitoshi na ukungu unaweza kukaa mpaka saa nne. Januari na Februari pia pazuri. Masika, Machi mpaka Mei, mimi siendi na sikushauri, njia zinateleza kama zimepakwa sabuni na ile barabara ya Mombo kupanda kupitia Soni huwa inaporomokewa na udongo. Mtu anayekwambia masika ndo bei rahisi muulize kama yeye mwenyewe atapanda na familia yake.

Mama yangu ana miaka 67, magoti yanamsumbua kidogo, ataweza?

Ataweza, mlete. Ila kosa wanalofanya wengi ni kumpandisha mzee kwa bodaboda halafu eti ashuke kwa miguu kwa sababu kushuka ni rahisi. Kushuka ndiko kunakoua magoti! Fanyeni kinyume, apande polepole na bakora, apumzike kila anapotaka, kurudi apande gari. Soni pale mnaweza kuyaona maporomoko bila kupanda mlima wowote. Kaa naye nyuma, usimtangulie.

Naweza kuchuma yale maua madogo ya zambarau nikapande nyumbani?

Hapana. 1892 afisa wa Kijerumani aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire aliyachukua huku Usambara akayatuma kwao, leo yanauzwa kwenye vikopo dunia nzima kwa jina lake, Saintpaulia, wakati huku kwetu yanapungua kila mwamba unaokosa kivuli. Yanaishi kwa unyevu wa msitu, kwenye balkoni yako ya Dar hayatakuzalia kitu. Na vinyonga vivyo hivyo, mtoto akikuletea kinyonga kwenye kijiti upige picha usimpe hela, ukimpa hela kesho atakamata watano. Pipi pia acheni. Mnageuza watoto wa watu kuwa omba omba kisha mnalalamika wanawafuata.

Vuga kuna nini cha kuona? Tumeambiwa ni kijiji tu.

Aliyewaambia kawanyima. Vuga ndiyo iliyokuwa makao ya wafalme wa Wasambaa. Masimulizi yanasema Mbegha alikuwa mwindaji kutoka milima ya Nguu, kigego, meno ya juu yalimtangulia, ndugu zake wakamnyima urithi wakamfukuza. Akaja huku na mbwa wake, akawaua nguruwe pori waliokuwa wanamaliza mazao, akawagawia watu nyama, na pale Vuga akaua simba usiku ule ule alipofika, wakampa ufalme. Ukoo wake ndio Wakilindi. Krapf, mmisionari wa Kijerumani, alipofika 1848 alimkuta Kimweri ye Nyumbai anatawala, na watu wa pwani walikuwa wanamjua vizuri. Kimweri alifariki 1862, baada ya hapo ndugu wakagombana.

Kwa hiyo usitegemee ukuta wa mawe wala tiketi getini, nyumba za zamani zilikuwa za miti na nyasi. Nenda kaone wenyeji wa kijiji kwanza, uliza mzee gani anaweza kuzungumza nanyi, mpelekee sukari na majani ya chai, kaa chini usikilize. Simu weka mfukoni mpaka akuruhusu. Ukienda kwa dakika ishirini utaona kijiji tu kweli.

Tunaweza kubeba spika ya muziki msituni?

Hapana.

Gari la mwisho kushuka Mombo ni saa ngapi?

Inategemea siku. Ukishuka stendi asubuhi, kabla hata ya chai, muulize kondakta, na upange kushuka jua bado liko juu, zile kona sio za usiku.