[CoCl₄]²⁻: kwa nini e⁴t₂³ na si t₂ kwanza?

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini mpangilio wa elektroni za d katika [CoCl₄]²⁻, ioni ya kobalti yenye kloridi nne, ni e⁴t₂³ wakati wewe ulianza kujaza t₂ kama kwenye oktahedra (umbo la ligandi sita; ligandi ni ioni au molekuli zinazoizunguka metali). Obitali tano za d hugawanyika makundi mawili: e yenye mbili na t₂ yenye tatu. Umejaza kwa kukariri. Nafundisha kemia hapa Mtwara, na swali hili halikosi kila mwaka.

Kuhesabu elektroni ni kazi ndogo: kobalti ni [Ar]3d⁷4s², ikiwa Co²⁺ zinaondoka mbili za 4s, zinabaki d saba.

Kazi iko kwenye umbo. Chora mchemraba, kobalti katikati, kloridi nne kwenye pembe kwa kuruka moja moja: hiyo ndiyo tetrahedroni. Obitali za e zinaelekea katikati ya nyuso, za t₂ zinaelekea katikati ya kingo. Kingo ziko karibu zaidi na pembe, kwa hiyo t₂ ndizo zinazosukumwa sana na ligandi, zinapanda juu. Na ile g ya oktahedra (eg, t₂g) usiiandike, tetrahedroni haina kitovu cha ulinganifu.

Mwanya wa nishati kati ya e na t₂ ni mdogo, kama 4/9 ya ule wa oktahedra kwa ligandi zilezile. Bwenini, kitanda cha juu kikiwa hatua moja tu, nani atakubali kubanana na mwenzake chini? Kwa hiyo tano za kwanza kila moja inakaa peke yake, ya sita na ya saba ndizo zinazorudi kujaza e. Zinabaki tatu pweke (zisizo na mwenza), yaani usumaku wa 3.87 BM (Bohr magneton, kipimo cha usumaku) kwa spini peke yake. Ukipima utapata zaidi, takribani 4.4 hadi 4.8, maana obitali nazo zinachangia. Spini ya chini, yaani elektroni kubanana chini kwanza, ni nadra mno kwenye tetrahedra (ipo ya kobalti(IV) yenye norbornili nne, ligandi za kaboni, ila mtihani wako hauifiki).

Ukipata maabara, mimina asidi ya HCl kali kwenye myeyusho wa waridi wa kobalti kloridi: unageuka bluu iliyokolea ya [CoCl₄]²⁻. Tumbukiza testityubu kwenye barafu, hata hii ya soko la samaki, uwaridi unarudi. Ila rangi isikudanganye ukadhani kila bluu ni tetrahedra: CoCl₂ kavu nayo ni bluu, na humo kobalti imezungukwa na kloridi sita.

Halafu hakikisha umbo kabla ya kujaza. [NiCl₄]²⁻ ni tetrahedra, e⁴t₂⁴, ina pweke mbili. [Ni(CN)₄]²⁻ ni d⁸ vilevile yenye ligandi nne, lakini ni mraba bapa na haina pweke hata moja.