Maji kwenye dizeli yanarudi kila mara

SWALI: Lori letu hubeba mahindi kutoka Kitale hadi Nakuru. Tangu mvua zianze, injini inakatakata, inatoa moshi mweupe na kukosa nguvu mlima wa Timboroa. Fundi alimwaga maji ya chujio, lakini baada ya siku mbili yamerudi. Shida iko wapi? – Dereva, Kitale

JIBU: Ndugu dereva, chujio hupokea tu kinachotoka kwenye tangi, na huko hakujasafishwa. Usiwashe lori kwanza. Tone la maji likifika kwenye nozeli (kinachopulizia dizeli ndani ya injini) yenye moto hugeuka mvuke ghafla na linaweza kuvunja ncha yake; pampu nayo hulainishwa na dizeli yenyewe, hivyo maji huikwaruza na kuitia kutu.

Maji ni mazito kuliko dizeli. Egesha mahali tambarare usiku kucha, asubuhi ufungue nati ya chini ya tangi, ukinge lita moja kwenye chupa angavu, usubiri dakika 15. Ukiona tabaka mbili, endelea kumwaga hadi itoke dizeli tupu. Ukiona utando mweusi wa kuteleza, hao ni vijidudu: tangi lishushwe lioshwe. Kisha badilisha machujio yote, toa upepo kwenye njia ya dizeli kwa pampu ya mkono mpaka pampu iwe ngumu.

Kagua mpira wa kifuniko cha tangi, mvua hupenya hapo. Jaza tangi jioni, maana kwenye baridi ya Timboroa tangi nusu tupu hutoa jasho ndani. Dawa za spiriti za kutia kwenye dizeli ili kuondoa maji tunakukataza kabisa: huyapitisha maji kwenye chujio hadi kwenye nozeli.