Majina ya watu ni amana

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Simu ya mkononi imetuunganisha au imetutenganisha?" Najua wengi watawajibu kwa habari ya vijana wanaoinamia simu wakati wa chakula. Hilo lipo, ila mimi siumizwi nalo sana. Ninaishi Ngamiani, hapa Tanga, nauza samaki wa kukaanga, na mwaka wa kumi na moja huu ni kijumbe, yaani msimamizi, wa mchezo wa kupeana pesa kwa zamu wa wanawake 20. Nataka kusema juu ya kitu kimoja tu, yale majina tunayoyatunza ndani ya simu zetu.

Mwaka juzi, jioni, vibua vikiwa kwenye karai, ujumbe uliingia kutoka namba nisiyoijua. Ulimtaja jirani yangu kwa majina yake yote matatu. Ulisema anadaiwa 150,000, siku zimepita, mimi ni mdhamini wake, na nimwambie alipe usiku huo huo. Chini yake palikuwa na picha yake, ile aliyopiga ameshika kitambulisho. Sikuwahi kumdhamini mtu yeyote kokote. Kabla ya isha nilikuwa nimeshajua kwamba ujumbe huo umefika kwa mama mkwe wake Muheza, kwa mwalimu wa mwanawe, kwa muuza mkaa, na kwa wazee waliokuwa wameleta posa ya binti yake mwezi ule. Nitamwita jirani tu, maana jina lake limeshatangazwa vya kutosha.

Yeye ni mchemsha dagaa. Ananunua Sahare, anachemsha kwa maji ya chumvi, anaanika, anauza. Wanaoijua kazi hii wanajua kwamba dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwaka taa haivuti kitu. Kila mwezi kuna siku za giza ambazo pesa inaonekana, na kuna siku za mbaramwezi ambazo mashua zimekaa na chanja ni tupu. Alikopa kwa programu ya mikopo ya simu, giza likikaribia kwisha. Aliomba 150,000, zikaingia 110,000, zilizobaki zikaitwa ada, na akapewa siku 7 arudishe 150,000 kamili. Siku ya saba ilimkuta mwezi uko juu na hana hata ndoo moja ya dagaa. Mtu wa mtaani angemkopesha angeyajua hayo bila kuambiwa. Angemwambia, haya, tungoje giza.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa. Programu ile, kabla ya kumpa hata shilingi, ilimwomba ruhusa ya kusoma majina yaliyomo kwenye simu yake, na ujumbe, na picha. Alibonyeza "ruhusu" mara tatu kwa sababu bila hivyo haisogei. Ndivyo namba yangu ilivyotoka. Mimi sikukopa. Sikubonyeza popote. Namba yangu nilimpa ili anipigie mtoto wake akishikwa na pumu usiku, kwa kuwa bodaboda ya mwanangu inalala uani kwangu. Kwetu kitu unachopewa ukitunze huitwa amana, na amana haiwekwi rehani. Jirani yangu hakujua kwamba anatuweka rehani watu zaidi ya 200. Aliyeitengeneza programu ile alijua.

Nina daftari la mchezo. Lina majina 20, kila Ijumaa kila mmoja 5,000, na anayepokea siku hiyo anaondoka na 100,000. Daftari hilo hata mume wangu hajapata kulifungua. Mtu akikwama, naenda kwake baada ya magharibi, peke yangu, napitia mlango wa uani, tunazungumza jikoni. Aliyefiwa tunambadilishia zamu na mwenzake, na wengine wanaambiwa tu kwamba zamu zimebadilika. Imewahi kutokea mtu akanihangaisha miezi minne, na nilikasirika, sikatai, lakini mpaka leo hakuna anayemjua isipokuwa yeye na mimi. Wazee wetu waliita jambo hilo kusitiriana. Deni lilikuwa na watu wawili ndani yake.

Mwanangu aliponisikia nikisema haya alinipinga. Aliniambia pwani hii tumesemana tangu zamani, tena kwa kanga na kwa taarabu, watu wamerushiana vijembe harusini mbele ya ukumbi mzima. Ni kweli, nami nimeshavaa kanga ya kumjibu mtu. Lakini aliyenivalia kanga yake nilimwona. Nilijua nyumba yake, nikaweza kununua doti yangu nikapita mlangoni kwake, na ugomvi ukiisha wapo watu wa kutupatanisha. Ujumbe ule haukuwa na uso. Jirani yangu alipiga namba ile mara sita, ikawa haipatikani, na kesho yake zikaja nyingine mbili mpya. Utaenda uani kwa nani?

Siichukii simu, wala sitaki nieleweke hivyo. Nakumbuka tulivyokuwa tukimpa konda bahasha ya pesa kupeleka Dar es Salaam na kukaa roho juu mpaka ifike. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, mashaka yale yaliisha kidogo kidogo, na leo dada yangu akinitumia pesa ya dawa za mama naitoa kwa wakala dakika hiyo hiyo. Mama mwenyewe hajui kusoma, ila anasikiliza sauti za wajukuu kwenye WhatsApp na kuwajibu kwa sauti yake.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka wakopeshaji wawe na leseni, hata vikundi kama vikoba visajiliwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, na Tume yake tunayo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila idhini. Siku ile nilifurahi kama nimelipwa mimi. Google nao tangu 2023 wamezikataza programu za mikopo zilizomo Play Store, duka lao la programu, kugusa majina na picha za mteja. Ila ya jirani yangu haikutoka dukani, ilikuja kwa kiungo alichotumiwa na mwanamke mwenzetu aliyeahidiwa zawadi kwa kila atakayemleta. Na programu ikifungwa leo, majina yaliyokwisha kunakiliwa hayarudi.

Kwa hiyo mkiuliza nataka nini, nataka mkopeshaji yeyote wa mtandaoni akatazwe kabisa kuomba majina ya watu wengine, hata kama mkopaji amekubali, kwa sababu majina hayo si yake kuyakubalia. Amdai aliyemkopesha. Na nataka wanaofundisha wanawake ujasiriamali, wanaokuja hapa na vipeperushi na maji ya chupa, watenge nusu saa watuoneshe mahali pa kuzima ruhusa hizo kwenye simu. Mimi nilioneshwa na mpwa wangu, barazani. Nilikuta tochi ya simu yangu ina ruhusa ya kusoma majina yote. Tochi! Niliifuta palepale.

Jirani yangu hakuonekana kwenye mchezo Ijumaa tatu. Posa ya binti haikuvunjika, alhamdulillah, wazee wale walikuja wenyewe kumwambia kwamba hawakusoma kitu. Nilimpelekea sahani ya visheti, tukaongea habari za mvua. Ijumaa ya nne nilimlipia 5,000 yake, nikaandika jina lake kama kawaida. Ya tano alikuja mwenyewe, amejifunika mtandio mpaka machoni, na 10,000 mkononi. Alikuwa amebadilisha laini. Nilitoa simu niingize namba yake mpya, akanishika mkono.

"Dada, niandikie kwenye daftari," akasema. "Kwa kalamu."

Nikaandika.