Kusasisha WordPress kwenye tovuti yenye waandishi wengi: hasara ziko wapi?

SWALI: Habari za kazi. Tuna tovuti ya habari za mkoa, bado inaendeshwa na WordPress (programu ya kuendesha tovuti) toleo la 4.9. Waandishi ni zaidi ya ishirini, wahariri watatu. Fundi wetu anataka kutupandisha hadi toleo la sasa, lakini wahariri wanaogopa. Je, hofu yao ina msingi? (Mhariri, Morogoro)

JIBU: Ina msingi, ila wengi huogopa kisichostahili. Wanaogopa ukurasa mweupe, tovuti kugoma kufunguka. Hilo huonekana papo hapo na fundi hulishughulikia. Hasara inayouma kwenye tovuti ya watu wengi ni ile inayojificha siku mbili tatu huku watu wakiendelea kuandika.

Chukua suala la kurudi nyuma. Kusasisha kwa kuruka matoleo mengi namna hii hubadilisha mafaili na pia kugusa kanzidata (ghala la makala na maoni), hivyo njia salama ya kurudi ni kurejesha vyote viwili kutoka kwenye nakala rudufu. Sasa tuseme mmesasisha Jumatatu asubuhi, na kasoro kubwa ikagundulika Jumatano. Mkirejesha nakala ya Jumatatu, kila makala, kila sahihisho na kila maoni ya wasomaji yaliyoingia tangu hapo yanapotea. Mwenye blogu yake peke yake ataandika upya posti moja. Ninyi mna watu ishirini, na hakuna mmoja anayejua wenzake wote wameandika nini. Kadiri saa zinavyopita, kurudi kunazidi kuwa ghali.

Pili, angalieni makala ambazo hazijachapishwa. Vyumba vingi vya habari vya enzi zile viliweka plagini (programu ndogo za nyongeza) kama Edit Flow ili kuongeza hatua zao kati ya rasimu na kuchapishwa, mfano "kwa mhariri" au "inasubiri picha". Toleo la 5.0, lililotoka tarehe 6 Desemba 2018, lilileta kihariri kipya (sehemu ya kuandikia makala) cha Gutenberg, kinachojenga makala kwa vipande viitwavyo bloku, ambacho hakikupatana vizuri na hatua hizo za kujitungia. Plagini ikizimwa, makala zilizokuwa kwenye hatua hizo hazionekani tena kwenye orodha. Hazijafutwa. Zimo kwenye jedwali la wp_posts, ila safu ya post_status ina neno ambalo WordPress hailitambui tena. Mwandishi anafungua dashibodi, haoni kazi yake, anaamini mhariri ameitupa.

Kuna na majina. Kama mnatumia Co-Authors Plus, plagini ya kuweka waandishi zaidi ya mmoja kwenye makala, huenda majina ya waandishi wenza yanaonekana kwa sababu kuna mtu aliongeza mstari wa kodi (maagizo ya programu) ndani ya mafaili ya mandhari, yaani yale yanayopanga mwonekano wa tovuti. Mandhari ikisasishwa na hamna mandhari-mtoto (mafaili ya pembeni yanayotunza mabadiliko yenu), mstari ule unafutika, na makala ya watu wawili inabaki na jina la mmoja. Mafundi wengi huliona dogo hili. Mimi naliona kubwa, maana kwa mwandishi wa kujitolea, jina lake juu ya makala ndilo malipo yote anayopata.

Kuhusu ugeni wa kihariri chenyewe, plagini ya Classic Editor inawapa muda wa kujifunza. Ila msiruhusu makala moja ipite kwenye vihariri viwili: iliyojengwa kwa bloku za Gutenberg, ikihaririwa na mwingine kwenye kihariri cha zamani, bloku zake huweza kuharibika.

Pamoja na yote hayo, sishauri mbaki 4.9. Mapema mwaka 2017, matoleo ya 4.7.0 na 4.7.1 yalikuwa na tundu kwenye REST API (njia ambayo programu nyingine huwasiliana na tovuti) lililomwezesha mtu asiye na akaunti kubadilisha makala. Toleo la 4.7.2 lililiziba tarehe 26 Januari, na maelezo ya tundu yakatangazwa wiki moja baadaye. Waliochelewa kusasisha walikuta makala zao zimechorwachorwa na wahuni. Halafu kuna PHP, lugha ya programu ambayo WordPress imeandikwa kwayo. WordPress 4.9 haikuandikwa kwa ajili ya PHP 8, na huduma ya PHP 7.4 ilikoma Novemba 2022. Siku kampuni inayohifadhi tovuti yenu ikiiondoa, mtalazimika kusasisha kwa haraka, bila kujiandaa.

Kwa hiyo sasisheni, ila kwanza kwenye nakala ya majaribio, na fundi asijaribu kwa akaunti yake ya msimamizi peke yake. Msimamizi na mhariri wana ruhusa ya kuhifadhi kodi ghafi kama iframe (inayopachika video au ukurasa wa tovuti nyingine). Mwenye ngazi ya mwandishi hana, na akihifadhi makala yenye kodi hiyo, inaondolewa kimyakimya. Mwombeni mwandishi mmoja wa kawaida aingie, aandike, aweke picha, atume kwa mhariri, kisha mhariri airudishe.

Siku yenyewe, chagueni saa ambazo habari ni chache. Watu wote watoke, na mwenye kazi ya haraka aandike kwenye Word. Kabla ya kugusa chochote, toeni orodha ya makala zote ambazo hazijachapishwa, zenye jina la mwandishi na hatua iliyofikia, mkailinganishe mkimaliza. Kwa siku chache zinazofuata kila mwandishi abaki na nakala ya makala yake nje ya tovuti, na wahariri wakubaliane mapema nani ataamua kurudi nyuma na mwisho wa kuamua ni saa ngapi.