Maswali yenu: kilichoingia kwenye damu huishia wapi?

Barua za safari hii karibu zote zina maneno yale yale: "imeingia kwenye damu." Wengine wanazungumzia saratani, wengine bakteria. Nimezijibu pamoja kwa sababu njia ni moja, ingawa wasafiri ni tofauti.

Fizi zangu hutoka damu nikipiga mswaki. Ina maana wadudu wa mdomoni wanaingia kwenye damu?

Wanaingia, na si kwako tu. Hata mwenye fizi nzima huingiza bakteria wachache akipiga mswaki au akitafuna. Ila hawakai. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu, na moyo uliotulia husukuma kiasi hicho hicho kila dakika. Haipiti muda bakteria wamefika kwenye ini na wengu, ambako kuna seli walaji zinazowavizia. Dakika chache tu, wameliwa.

Hatari huanza wanapopata pa kushika. Vali ya moyo (kilango kinachozuia damu isirudi nyuma) iliyoharibika, au ya bandia, ni mahali pazuri kwao: hujibandika, hujifunika kwa damu iliyoganda, kisha chembe nyeupe hazifurukuti. Ndiyo maana mwenye vali bandia hupewa antibiotiki kabla ya kung'olewa jino. Aliyeondolewa wengu naye asizembee chanjo. Kama huna hayo yote, katibiwe fizi tu.

Mama alilazwa, wakasema ana sepsisi. Ndugu wanasema damu imeingia sumu. Ni kitu kimoja?

Ndugu zako hawako mbali sana, lakini kosa si la bakteria peke yao. Katika sepsisi mwili wenyewe hupigana kupita kiasi. Mishipa hulegea na kuvuja, shinikizo la damu hushuka, damu huganda kwenye mishipa midogo, na figo, mapafu na ubongo hukosa oksijeni. Na chanzo si lazima kiwe kikubwa: nimonia, maambukizi ya mkojo, kidonda cha mguu. Kwa mwaka 2017 pekee watafiti walikadiria wagonjwa milioni 48.9 duniani na vifo milioni 11.

Dalili za kukutoa nyumbani usiku ule ule: homa kali au mwili kuwa baridi isivyo kawaida, kupumua haraka, kuchanganyikiwa, kutopata mkojo. Hospitali watachukua damu ya kuotesha ili wamjue mdudu. Majibu huchukua siku moja au zaidi, lakini dawa haisubiri majibu. Naliandika hili kwa sababu wapo ndugu wanaogomba wakiona sindano ya dawa imetangulia majibu ya kipimo, na hapo muuguzi ndiye mwenye haki.

Baba ana saratani ya utumbo mpana. Sasa wamekuta uvimbe kwenye ini. Ana saratani mbili?

Pole. Kwa kawaida, hapana. Ni ile ile imehama. Ukiitazama kwa darubini, seli zilizo kwenye ini ni za utumbo, na dawa atakazopewa ni za saratani ya utumbo.

Kwa nini ini? Tazama mishipa. Damu inayotoka kwenye utumbo hairudi moja kwa moja kwenye moyo. Hupelekwa kwanza kwenye ini kwa mshipa wake maalumu, ikiwa na chakula kilichofyonzwa. Seli iliyochomoka kwenye uvimbe hupanda chombo hicho hicho. Saratani ya tezi dume nayo hupenda uti wa mgongo, na mwaka 1940 daktari wa Marekani, Oscar Batson, alionyesha kuwa vena (mishipa inayorudisha damu kwenye moyo) za nyonga zimeungana na zile zinazozunguka pingili za mgongo.

Lakini ramani ya mishipa haielezi yote. Daktari wa Uingereza, Stephen Paget, alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya matiti, akachapisha mwaka 1889. Aliona ini limeshambuliwa mara nyingi sana, wengu mara chache, ilhali vyote hupata damu. Akafananisha seli na mbegu: hupeperushwa kila upande, lakini huota tu kwenye udongo unaoifaa. Mpaka leo bado tunasema hivyo.

Na mbegu nyingi hufa. Mkondo wa damu huzipasua, kinga huzila, nyingine hukwama kwenye mshipa mwembamba na kuishia hapo. Katika majaribio ya wanyama, chini ya seli 1 kati ya 10,000 zilizoingia kwenye damu ndiyo iliyozaa uvimbe mpya. Nyingine hulala kimya miaka mingi kabla ya kuamka, jambo linalotusumbua sana, na ndiyo sababu mgonjwa "aliyepona" bado huitwa kliniki.

Nimeambiwa nikikubali kuchukuliwa kinyama cha kupima, saratani itatawanyika. Kweli?

Hutokea kwa nadra sana, na kwa baadhi ya uvimbe, kama wa korodani, madaktari hubadili njia kwa sababu hiyo. Kukataa kipimo ni hatari zaidi: bila kinyama hakuna anayejua dawa ipi ikufae. Ninaowaona wakifika wakiwa wamechelewa, wengi walisubiri wakiogopa sindano.

Niliongezewa damu. Kama mtoaji alikuwa na saratani bila kujua?

Watafiti wa Sweden na Denmark waliuliza swali lako, wakafuatilia watu zaidi ya 350,000 walioongezewa damu. Mwaka 2007 walieleza kuwa waliopewa damu ya watoaji ambao baadaye waligundulika na saratani hawakuugua saratani zaidi ya wengine. Kinga yako huzitambua seli za mtu mwingine kuwa ngeni. Virusi ni habari nyingine, na ndiyo maana damu hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende.

Nina jeraha mkononi, na mstari mwekundu unapanda kuelekea kwapani. Damu imeoza?

Hapana. Huo si mshipa wa damu, ni njia ya limfu (majimaji ya mwili yanayobeba chembe za kinga) iliyovimba, na ukipapasa kwapa huenda ukakuta mtoki. Ila limfu humwagika kwenye damu. Chora alama kwa kalamu pale mstari unapoishia sasa, uende hospitali leo hii, na ukifika uwaonyeshe umepanda kiasi gani.