Ndege za Al Khadim: mabawa kwanza, kisha kivuli

Ndege zinazoonekana kwenye picha za setilaiti za uwanja wa Al Khadim, mashariki mwa Libya, usizitambue kwa rangi. Pima ncha ya bawa hadi ncha: Wing Loong I, droni ya China, ina mita 14; Air Tractor AT-802, ndege ndogo yenye rubani, kama 18. Picha ikiwa ya sentimita 50 kwa pikseli, kukosea pikseli moja kila ncha ni mita nzima, kwa hiyo kipimo peke yake hakiitenganishi Wing Loong na Predator za mwanzo, droni za Marekani (mita 14.8). Hapo huamua mkia wenye umbo la V: wa Wing Loong umeelekea juu, wa Predator chini. Tafuta picha za Desemba au Januari. Jua huwa chini, na kivuli kirefu huuchora mkia wazi kabisa.