Jenga mwenyewe pipa la kuzungusha la kusafishia njumu na vyuma vidogo vya shaba

Fundi wa makasha na milango hapa Bagamoyo anapambana na mbao na shaba kwa pamoja, na shaba ndiyo inayochosha zaidi. Hewa ya chumvi haina likizo. Njumu, yaani misumari ya mapambo yenye kichwa cha kuba cha shaba, zikipigwa leo zinang'aa, masika moja ikipita zimeshaingia weusi, na pale ukingo wa njumu unapogusana na mbao panaota ukijani. Bibi zetu walisugua masinia na mabirika kwa ukwaju na majivu, na hadi leo sijaona njia bora kwa sinia. Lakini mteja akikuletea kopo zima la njumu, skrubu, bawaba na komeo za kasha la kale, kusugua kimoja kimoja ni kujitesa. Pipa la kuzungusha linakufanyia kazi hiyo wewe ukiendelea na randa.

Ufundi huu umekuzwa zaidi na wapiga shabaha wa Marekani, ambao husafisha maganda ya risasi yaliyokwisha tumika ili wayajaze upya. Ganda la risasi ni shaba ya njano, kwa kawaida sehemu 70 za shaba nyekundu kwa 30 za zinki, kwa hiyo linalolifaa ganda linaifaa njumu. Ila maganda yenyewe yaacheni. Ukiokota ganda au risasi shambani au ufukweni, hiyo ni ya kupeleka polisi, na risasi nzima isiingizwe kabisa kwenye chombo kinachozunguka.

Kabla hujanunua chochote, elewa kinachosafisha. Watu wengi hudhani ni kasi, wakatafuta mota kali. Kinachosafisha ni kuporomoka: vitu vinapandishwa na ukuta wa pipa, vinafika juu kiasi, halafu vinateremka vikisuguana. Pipa likizunguka kasi mno, vitu vinang'ang'ania ukutani na kuzunguka nalo bila kusuguana, na hapo unachoma umeme bure. Kikomo hicho kinapigiwa hesabu. Chukua kipenyo cha ndani cha pipa kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha gawa 42.3 kwa jibu ulilopata. Bomba la inchi 6 lina kama mita 0.15 kwa ndani, kwa hiyo kikomo ni mizunguko kama 109 kwa dakika. Kazi nzuri hufanyika chini ya nusu ya hapo. Mimi hukaa kati ya 40 na 50, na sioni sababu ya kuzidisha.

Kwa kasi hiyo mota ya waipa ya gari inakaa kama iliyotengenezwa kwa kazi hii. Ina gia zake ndani, inatumia volti 12, ina kasi mbili, na ile ya chini ndiyo tunayoitaka. Inapatikana kwenye maduka ya spea za mtumba, na umeme ukikatika betri inaendelea. Weka fyuzi karibu na betri, usiunge waya mtupu. Mota ifungwe juu zaidi ya pipa linapoweza kuvuja, na katika saa ya kwanza iguse mara kwa mara: ikiwa ya moto kiasi kwamba mkono hauvumilii, umejaza mzigo kupita kiasi au pipa linakwama mahali.

Pipa lenyewe ni kipande cha bomba la plastiki la inchi 6, urefu kama sentimita 30. Upande mmoja gundisha kifuniko cha kudumu, upande wa pili weka kifuniko cha kufunga kwa nyuzi chenye mpira, kile mafundi bomba wanachokiweka kwa ajili ya kuzibulia. Usibanie gundi upande wa kudumu, na uache ikauke mpaka kesho yake. Ndani gundisha vibanzi vitatu vya plastiki kwa urefu wa bomba, vilivyokatwa kwenye bomba lilelile. Bila vibanzi hivyo mzigo wenye sabuni huteleza chini kwa pamoja, pipa linazunguka na vitu vimelala.

Pipa hulala juu ya beringi nne kuukuu, mbili kila upande, kwenye fremu ya mbao. Lizungushie vipande vya tyubu ya baiskeli pale linapokanyaga beringi, ili lisipige kelele wala lisilike. Katikati ya kifuniko cha kudumu pitisha boliti yenye washa na mpira pande zote mbili, kisha unganisha boliti hiyo na shafti ya mota kwa kipande kifupi cha mpira wa maji uliokazwa kwa klipu. Mpira huo ndio siri ya mashine nzima. Fremu ya mbao haikosi kupinda kidogo, na ukiunga chuma kwa chuma mota itavutwa huku na huku mpaka gia zife. Mpira unajipinda na kuvumilia.

Sasa cha kuweka ndani. Wenzetu wa Marekani wakisafisha kwa ukavu hutumia maganda ya tunda la jozi yaliyosagwa au magunzi ya mahindi. Magunzi tunayo tele: yakaushe, yatwange, yachekeche upate chembe za ukubwa wa mchele. Vifuu vya nazi vilivyosagwa ni vikali zaidi na vinaondoa uchafu mgumu. Mchanga wa pwani usiuguse, kwa sababu unakwaruza na umebeba chumvi ileile tunayoikimbia. Kazi kavu hutoa vumbi, na shaba nyingi za viwandani zina madini ya risasi kidogo (metali laini yenye sumu, si risasi ya bunduki) yaliyochanganywa ili zikatike vizuri, kwa hiyo funika pua na mdomo, na usifungulie pipa sebuleni.

Kwa maji matokeo ni mazuri zaidi. Tumia vijiti vya stenlesi, unene kama milimita 1 na urefu kama milimita 6. Ukivikosa, kata waya wa stenlesi mwenyewe kwa koleo, kisha vizungushe peke yake na maji ya sabuni kwa saa kadhaa mpaka ncha kali zife. Angalia ukubwa wake dhidi ya matundu ya vitu vyako, maana vijiti viwili vikiingia pamoja kwenye tundu la skrubu hubanana na kuvitoa ni kazi ya sindano. Jaza vijiti, shaba na maji mpaka nusu ya pipa au kuzidi kidogo, tone moja au mawili ya sabuni ya vyombo, na maji ya ndimu au kijiko kidogo cha asidi ya sitriki.

Sikiliza sauti. Pipa linalofanya kazi linatoa mchakacho mfululizo, kama mvua kwenye bati. Likipiga kishindo kimoja kila mzunguko, mzigo ni mdogo au vibanzi vimesimama juu mno. Likinyamaza, kuna kilichokwama. Baada ya saa mbili toa njumu moja, isuuze na uitazame kwa ndani ya kuba yake na kwenye mstari wa ukingo. Uso wa juu hung'aa mapema. Ukijani huwa umejificha kwenye ule mstari, na huo ndio unaokwambia kama uendelee.

Ndimu isizidi wala muda usizidi. Asidi hula zinki ya juu ikabaki shaba nyekundu, na kitu chako cha njano kinatoka na wekundu wa waridi. Na usichanganye ndimu na magadi au soda ya kuokea ndani ya pipa lililofungwa: gesi itajaa na kifuniko kitaruka.

Kabla ya yote pitisha sumaku. Shaba halisi haivutwi. Kinachovutwa ni chuma kilichopakwa shaba, na pipa litakivua koti lake. Njumu nyingi zina kichwa cha shaba na mguu wa chuma. Hizo ziende kwenye magunzi makavu tu, maana kwenye maji ya ndimu chuma huoza na kuchafua zote. Zenye miguu mirefu zitenge na zisiwe nyingi kwa mkupuo, kwa sababu hushikana kama miiba na kupindana.

Kuna dawa za kusafishia vioo na vyoo zenye amonia, na watu huzitumia kwa shaba kwa kuwa zinaondoa weusi haraka. Tafadhali achana nazo. Katika karne ya 19 jeshi la Waingereza nchini India liliona maganda ya risasi yaliyohifadhiwa kwenye mabanda ya farasi yakipasuka yenyewe wakati wa masika. Mwaka 1921 ndipo ilipoelezwa wazi kwamba mkosaji ni amonia itokayo kwenye mkojo wa farasi, ikiungana na mkazo uliobaki ndani ya shaba tangu ilipofinyangwa. Njumu nayo imefinyangwa kwa kupigwa, mkazo huo inao. Kwa sababu hiyohiyo usihifadhi kopo la njumu kwenye banda la mbuzi au kuku.

Juu ya milango ya Mji Mkongwe, nakuomba kwa dhati: usikimbilie kung'oa njumu ili uzing'arishe. Fundi mmoja mzee alinikataza mapema. "Mwanangu, mlango huu umetukuta na utatuacha, wewe uutunze tu." Milango ya zamani ni mali ya historia, na kabla ya kuigusa watu wa Mambo ya Kale waulizwe. Pipa ni la njumu zilizokwisha toka zenyewe, za makasha, na za kazi mpya.

Maji machafu usiyamwage wanapochezea watoto au kuku wanapodonoa. Suuza shaba kwa maji baridi ya bomba mara mbili, maji ya kisima chenye chumvi hapana, kisha maji ya moto ili ikauke upesi. Futa kwa kitambaa, anika juani kwenye wavu, na usiache chembe ya maji ndani ya kuba. Wengi hupaka mafuta ya nazi. Yanapendeza wiki ya kwanza, halafu asidi zake huanza kurudisha ukijani. Paka vanishi ya wazi kwa wepesi, au nta ya magari isiyo na chembe za kusugulia. Iache ikauke usiku kucha, na siku ya kupiga weka kipande cha ngozi kati ya nyundo na njumu, vinginevyo vanishi itapasuka palepale chumvi inapoingilia.